Mwalimu Aliyepiga Marufuku Vifutio

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha Hisabati na Fizikia katika shule yetu, Mwalimu Njia anastaafu rasmi Ijumaa hii. Jina hilo alibandikwa na wanafunzi waliotutangulia, kwa sababu jibu lisiloonyesha njia halikupata alama kwake, hata liwe sahihi namna gani.

Alikuwa bado mgeni hapa alipoanzisha kipindi cha maswali ya mitihani iliyopita, kila siku saa tisa alasiri, katika chumba kilicho nyuma ya maabara. Hakuna aliyemwagiza. Humo vifutio ni marufuku. Ukikosea, unapiga mstari mmoja juu ya kosa ili liendelee kusomeka, kisha darasa zima linatafuta ulipopotea.

Mwaka huu mwenzetu mmoja alikokotoa umri wa baba na mwanawe, akapata baba ana miaka hasi minne. "Baba hajazaliwa bado," Mwalimu alimwambia kwa upole. "Sasa huyu mtoto, mwanangu, kaja na nani?" Tulicheka hadi madawati yakatikisika. Kisha tukarudi nyuma mstari kwa mstari, tukakuta alama ya kutoa iliyosahaulika alipofungua mabano.

Siku nyingine alikosea yeye mwenyewe, kwenye swali la saketi. Msichana wa dawati la nyuma, ambaye ni nadra kumsikia akisema, alinyoosha mkono. Mwalimu alimkabidhi chaki, akaenda kukaa kwenye dawati lake na kunakili kama sisi wengine.

Ndiyo maana tuna hasira, na tunaomba radhi kulisema hili katika jarida la kumuaga. Wiki iliyopita mwalimu wa taaluma alitangaza mstarini, shule nzima ikiwa imekusanyika asubuhi, kwamba kipindi hicho kinaondoka na mwenyewe. Badala yake watahiniwa wote tutagawiwa majibu ya mitihani iliyopita yaliyochapishwa, tuyakariri. "Maswali ni yale yale," alisema, "mnajichosha bure."

Si kweli. Wenzetu wa mkondo wa pili walikwisha kugawiwa majibu hayo muhula huu. Katika jaribio la mwisho swali lilihusu lori linalofunga breki. Karibu nusu yao waliandika habari za baiskeli, kwa sababu mwaka jana ilikuwa baiskeli. Wakaitwa wavivu mbele ya shule nzima. Wavivu! Walikuwa wamekariri kila ukurasa waliopewa. Uvivu ulikuwa wa waliowapa.

Mwalimu Njia amewatoa wauguzi, mafundi umeme na walimu wawili wa shule hii hii. Hakumkaririsha hata mmoja wao. Na mmoja wa walimu hao wawili ndiye aliyesimama mstarini wiki iliyopita.

Mwalimu, asante kwa kutuvumilia tulipokuwa wazito, na kwa kutotuita wazito. Hatukuombi ubaki, umefanya kazi ya kutosha. Kipindi tutakiendesha wenyewe kwa zamu, mmoja ubaoni, wengine wakimbana. Tunachoomba kwa uongozi ni ufunguo wa chumba tu. Tukinyimwa, ukuta wa nje wa maabara ni mpana, na chaki tunazo.

Pumzika vizuri, ulale mchana bila kengele ya mtu. Na ukipita siku moja ukatusikia tunabishana, tafadhali, usitupe jibu.