Sinendet Kwenye Kufuli ya Mbuthia

Nilikuwepo. Mtu asikudanganye ati yeye ndiye alikuwepo. Kwa benchi ya Benta, muuza kahawa wa Yamumbi, mimi ndiye hukaa mwisho karibu na jiko, na niliona yote kwa haya macho. Asubuhi hiyo Mbuthia mwenye duka alikuja mbio na slipa moja, ameshika mmea umesokotwa mviringo, majani bado mabichi. Ameukuta umening'inia kwenye kufuli yake.

— Kiprono, wewe ni Mkalenjin. Hii ni nini?

Kiprono tunamwita Wakili, kwa sababu hajawahi kukosa jibu. Aliruka kama ameona nyoka.

— Sinendet! Mzee, nani amekuwekea sinendet?

— Sinendet ni ya nini?

— Inategemea. Kwa harusi, maharusi wanavishwa.

— Mimi nina bibi tayari!

— Watu wakipatana, pia inatumika.

— Sijagombana na mtu.

— Basi hiyo ni mbaya, Wakili akasema polepole. Mtu anapatana na wewe kabla hajakukosea.

Benta akaacha kumimina kahawa. Mulongo, fundi wa baiskeli, akashika kichwa.

— Woi! Hiyo ni alama. Hilo duka limeshapata mwenyewe mwingine.

Mbuthia akakaa chini, vumbini kabisa.

— Burnt Forest, wakati wa vita vya makabila, nilingoja mpaka nikafukuzwa. Hapa singoji. Naita lori leo.

— Kwanza choma hiyo kitu, Mulongo akasema.

Benta akaisukuma ndani ya jiko. Moshi! Tulikohoa mpaka machozi.

Ndipo akatokea Wacera, binti ya Mbuthia, anachechemea. Jana alituaga ati anaenda kwaya Moiben.

— Baba, taji yangu iko wapi? Haikuwa kwaya, ilikuwa mbio. Nimekuwa wa kwanza! Nilirudi umelala, nikaitundika kwa kufuli uione ukifungua.

Jiko likalia pwaa.

— Wakili, Benta akanong'ona, kwani wakimbiaji hawavishwi sinendet? Hapa Eldoret?

— Wanavishwa. Lakini ningejuaje mtoto wa Mbuthia anakimbia?

Mbuthia akainuka, akajipangusa.

— Huo mmea unamea wapi?

— Kule chini, kando ya mto.

Akamshika Wacera mkono, wakateremka, yeye na slipa yake moja, duka ameacha wazi kabisa.

Hiyo ya duka wazi nimeongeza mimi. Alirudi akafunga, kufuli mbili. Lakini lori hakuita.