Sabina, Dereva Aliyesema Haoni

Wasikilizaji wapendwa, popote mlipo, Ufukoni, Shangani, Madimba hadi kule mdomoni mwa Ruvuma, ongezeni sauti kidogo, maana mvua ya leo inapiga bati kuliko sisi tunavyoongea. Tunamkumbuka dereva. Jina lake Sabina. Alifariki mwezi uliopita kwa presha, akiwa na miaka hamsini na miwili. Aliendesha gari la chanjo miaka kumi na tisa na hakugonga hata kuku.

Mume wake ni Filipo, mbeba mizigo wa bandarini, mtu wa darasa la nne. Tulipomkaribisha hapa studio tukampa maji, akayasogeza pembeni. "Sikuja kunywa," akasema. "Nimekuja Sabina asemwe alivyokuwa. Asemwe vile vile, msimlainishe."

Basi hatumlainishi.

Sabina alikuja Mtwara kutoka Songea akiwa na leseni na sanduku moja la nguo. Watu wa mtaani walicheka, mwanamke na gia wapi na wapi. "Walinicheka mimi zaidi," anasema Filipo. "Wakaniuliza, na nyumbani usukani anashika nani? Nikawaambia, anashika yeye, mimi ni utingo, mnasemaje?"

Gari alilopewa lilikuwa la zamani. Feni ya kupuliza kioo cha mbele ilikuwa imekufa. Sabina akaandika kwenye daftari la gari: feni ya kioo haifanyi kazi. Mwaka wa pili akaandika tena. Mwaka wa tatu akaandika tena. Wakubwa walisaini kila ukurasa. "Kusaini wanajua," anasema Filipo, "kusoma ndiyo kazi."

Ninyi mnaoendesha mnaijua mvua ya huku. Nje maji, ndani watu wanapumua na nguo zimelowa. Kioo kinashika mvuke kwa ndani, kinakuwa cheupe kama kimepakwa uji. Sabina akatafuta njia zake mwenyewe, na Filipo ameomba tuziseme polepole.

Asubuhi, kioo kikiwa kikavu, alikisugua kwa ndani na kipande kikavu cha sabuni ya mche. Kisha akakipangusa kwa kitambaa kikavu mpaka sabuni isionekane. Miavuli na makoti yaliyolowa aliyatia kwenye ndoo yenye mfuniko. Dirisha la kulia na la kushoto aliyashusha vidole viwili, hewa ipite. Na juu ya dashibodi aliweka soksi ya Filipo iliyojaa chumvi ya mawe, imefungwa kwa uzi. Chumvi inavuta unyevu. Jua likitoka, aliianika juu ya boneti.

"Soksi alichukua moja tu," anasema Filipo. "Mimi nikabaki naenda kazini mguu mmoja bosi, mguu mmoja kuli."

Kisha akaja mkuu mpya wa kitengo. Jina lake hatulitaji. Filipo alilitaja mara nyingi sana, tumelikata.

Siku moja ya Februari mkuu huyo akataka kwenda mwenyewe kukagua chanjo vijijini. Ndani ya gari walikuwa wanne. Sabina kwenye usukani, mkuu kando yake, na nyuma nesi Shamimu pamoja na Yusufu, mbeba masanduku ya chanjo. Kabla hawajaondoka, mkuu akaiona ile soksi.

"Hiki nini? Unamroga nani humu?"

"Namroga mvuke, bosi," akajibu Sabina.

Shamimu anakumbuka kwamba yeye na Yusufu waliangua kicheko. Mkuu hakucheka. Aliitupa soksi mtaroni, akasema gari la kazi halibebi uganga. Akapitisha kidole kwenye kioo, akasikia utelezi, akaamuru kioshwe chote na maji. Kikaoshwa.

Walipoipita Madimba, mvua ikashuka. Mkuu akapandisha madirisha yote, karatasi zake zisilowe. Shamimu anasema haikuchukua hata dakika tano. Kioo kikawa cheupe. Sabina akapunguza mwendo, akawasha taa za tahadhari, akatoka pembeni na kusimama.

"Mbona unasimama?"

"Sioni, bosi."

"Si ufute kwa mkono?"

"Mkono una mafuta. Nikifuta nakipaka, kinazidi. Tufungue madirisha kidogo, tungoje ipungue."

"Hufungui kitu. Endesha. Hiyo ni amri."

Sabina akazima gari. Akachomoa ufunguo, akautia ndani ya blauzi. "Basi hiyo amri ishuke itangulie mbele," akasema, "mimi nitaifuata nyuma."

Wasikilizaji wapendwa, walikaa pale karibu nusu saa. Mkuu alitukana, alipiga simu, simu haikushika. Mvua ilipopungua, Shamimu akafungua mlango kujinyoosha. Akapiga yowe. Hatua arobaini mbele yao, katikati ya barabara, lilikuwepo lori la korosho. Limekatika ekseli, limelala ubavu, halina taa hata moja.

Wote wanne waliliona. Mkuu aliliona.

Wiki iliyofuata Sabina alipewa barua. Kosa: kukaidi amri ya mkuu wa kazi. Akanyang'anywa gari, akapewa fyekeo, akate nyasi za uwanja wa ofisi. Alizikata miezi kumi na minne. Binti yao, Faraja, anasema mama yake alirudi kila jioni na malengelenge mikononi, na akiulizwa alijibu, "Nyasi naziona vizuri, mwanangu." Filipo alikwenda ofisini mara sita kuomba barua ile ifutwe. Mara sita aliambiwa asubiri kwenye benchi. Presha ikampata Sabina akiwa na fyekeo mkononi.

Siku ya mazishi ofisi ilileta shada la maua na msemaji. Msemaji akasoma kwamba wamempoteza mtumishi mtiifu. Filipo akanyanyuka kwenye mkeka.

"Rudia hapo."

"Mtumishi mtiifu, mzee."

"Mtiifu baba yako! Angekuwa mtiifu, mngezika wanne siku moja, na huyo aliyekutuma angekuwemo!"

Wazee wakamshika mabega. Shamimu naye akasimama, akasema mbele ya watu wote, "Baba Faraja, hata mimi nipo hapa kwa sababu Dada Sabina alikataa."

Kwako Filipo, kwako Faraja, na kwa ndugu wote wa Songea na Mtwara, tunawapa pole. Mungu amlaze Sabina mahali pema. Nanyi mlioko barabarani sasa hivi na mvua hii, tazameni mbele. Kama hamwoni, simameni, awe nani aliyekaa kando yenu. Nanyi mnaokaa kiti cha mbele na kutoa amri, jiulizeni ni lini mara ya mwisho mlimsikiliza aliyeshika usukani.

Juzi ofisi ilimwita Filipo. Walimwambia kwa upole kwamba sasa wako tayari kuiondoa ile barua kwenye faili la marehemu, yaishe. Filipo akakataa.

"Iacheni hapo hapo," akawaambia. "Ni kweli alikaidi. Chukueni kalamu, ongezeni chini yake kwamba watu wanne walirudi nyumbani. Na safari hii, msaini baada ya kusoma."