Bwana Hafidh Mbarouk na Miaka Yetu ya Kushika Tochi

Ijumaa hii, tarehe 27 Machi 2026, Bwana Hafidh Mbarouk anastaafu baada ya kuitumikia Kampuni ya Lifti ya Sehmi, hapa Birmingham, kwa miaka thelathini na moja. Waliozoea kuusoma ukurasa huu kwa Kiingereza watuwie radhi. Mwenyewe aliulizwa angependa aagwe kwa lugha gani, akajibu kwamba aagwe kwa lugha ambayo mafundi hugombana kwayo. Katika kampuni hii Wazanzibari, Wakenya na Wakongo, na hata mwenye kampuni Bwana Lakhbir aliyezaliwa Nakuru, wote hugombana kwa Kiswahili.

Bwana Hafidh alizaliwa Unguja, akajifunza umeme huko huko, akaja Birmingham na masharubu ambayo picha yake bado ipo ofisini. Tunaomba msiicheke mbele yake. Bwana Lakhbir alimwajiri kwa sababu mbili: alizijua nyaya, na aliweza kupanda ngazi ghorofa kumi na sita bila kulalamika. Sababu ya pili ilikuwa na uzito zaidi, maana fundi wa lifti ndiye mtu pekee katika jengo asiyeweza kwenda kazini kwa lifti.

Hakuna lifti katika majengo marefu ya Ladywood na Newtown ambayo hajapata kuitengeneza na kuisema vibaya. Nyingine alizipa majina. Iliyo karibu na mfereji aliiita Bibi Harusi, kwa sababu kila mtu amekwisha fika na kukaa, yeye bado hajatoka. Kisa kinachosimuliwa zaidi ni cha bibi mmoja wa Newtown, mzaliwa wa Jamaika, aliyekwama peke yake kati ya ghorofa ya tisa na ya kumi. Bwana Hafidh alifika, akagundua ubovu ulipo, akamwambia kupitia mlangoni kwamba atamtoa sasa hivi. Bibi akajibu, "No rush, bab," yaani hakuna haraka, mwanangu, kwani tangu Jumapili hakuwa amezungumza na mtu. Bwana Hafidh akaketi kwenye ngazi, wakaongea habari za wajukuu na bei ya samaki mpaka bibi mwenyewe akasema inatosha. Katika ripoti aliandika kwamba hitilafu ile ilihitaji muda.

Sasa tuje kwenye habari ya tochi, kwa sababu bila hiyo wasifu huu utakuwa kilemba cha ukoka. Katika kampuni yetu mgeni hupewa fundi mkongwe. Mkongwe hufanya kazi, mgeni hushika tochi na kutazama. Mkongwe akisharidhika, mgeni hupewa gari lake na vifaa vyake, na tangu siku hiyo huenda kazini peke yake. Mtu ashike tochi kwa muda gani, hilo ndilo tumelibishania miaka yote.

Gurmeet, binti wa Bwana Lakhbir na meneja wetu, hukesha Jumapili akitazama mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na mabega makubwa. Hoja yake aliitoa huko. Alituambia kwamba kila mwaka Wamarekani hubishana juu ya kijana mgeni anayeongoza timu na kurusha mpira: aingizwe uwanjani siku ya kwanza, au asugue benchi msimu mzima akimtazama mkongwe? Gurmeet alikuwa upande wa kuingizwa. Anayekaa benchi, alisema, anajifunza kukaa.

Bwana Hafidh alikuwa upande wa benchi, tena kwa moyo wote. "Kwenye mpira wako," alimwambia kikaoni, "mtu akikosea, wenzake wanafungwa. Hapa mtu akikosea, kuna mtu anashuka ghorofa kumi na sita bila ya kupenda." Akamalizia kwa kusema haraka haraka haina baraka. Gurmeet, ambaye Kiswahili chake ni urithi wa baba yake, akamrudishia kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Sisi wengine tukaendelea kunywa chai.

Mimi ninayeandika haya, Feisal, nilimshikia tochi Bwana Hafidh miaka mitatu. Si kazi ya mchezo. Unamulika pale jicho lake linapokwenda, na si pale mkono wake ulipo. Ukikosea anaweka spana chini na kukungoja uone haya mwenyewe. Nilipomuuliza nitapewa gari lini, alikuwa akijibu, "Bado kidogo, mwanangu. Wacha papara." Nilikuwa nimetoka Tanga peke yangu, nimepanga chumba Lozells kwa watu wasionijua jina. Ndani ya gari alinisimulia Unguja yote mtaa kwa mtaa, na alijua nimelalaje kabla sijavua koti.

Kuna jambo ambalo hatukulitilia maanani wakati huo. Mafundi wa zamani, kama Narinder, aliwaachia baada ya mwaka mmoja tu. Kisha mwaka 2011 mkewe, Bi Saleha, akafariki dunia. Mimi nilikuja mwaka uliofuata nikakaa na tochi miaka mitatu, na baada yangu Hillow naye akakaa karibu muda huo huo. Tulisema mzee amezidi ukali kwa sababu ya umri.

Oktoba iliyopita alipewa mgeni wake wa mwisho, Merveille, fundi umeme kutoka Lubumbashi. Katika wiki yake ya pili waliitwa Ladywood, mtu kakwama. Bwana Hafidh aliinua spana na bega likagoma. Merveille akamwambia, "Papa, unipe spana. Weye unishikie tochi." Akamshikia. Merveille akafanya kazi yote, mlango ukafunguka, aliyekwama akatoka na kwenda zake bila asante, kama kawaida yao. Kesho yake asubuhi Bwana Hafidh aliingia ofisini akasema Merveille apewe gari.

Gurmeet, hatumfichi, alifurahi kupita kiasi. Katika kikao cha Jumatatu alimwomba mzee asimame awaeleze watu kwa nini benchi limeshindwa. Tulitegemea kicheko na methali nyingine. Bwana Hafidh alisimama, akasema mtu akiwa tayari yuko tayari, na kwamba hilo alilijua siku zote. Halafu akasema, "Feisal alikuwa tayari mwaka wa kwanza. Hillow hali kadhalika. Lakini Saleha alikuwa keshakufa, na mimi siwezi kula peke yangu. Nikiwapa magari, wanakwenda zao. Basi nikawa nasema bado."

Akakaa. Gurmeet akahamia kwenye ajenda nyingine. Nilishikwa na hasira, na sioni sababu ya kuisitiri hapa. Kwa miaka miwili nilikuwa nikirudi chumbani kwangu nikiamini kwamba kichwa changu ni kizito, kwamba wenzangu wanaelewa na mimi sielewi. Nilitoka kikaoni bila kumuaga, na sikumpigia simu.

Majira ya baridi yale aliyamaliza peke yake. Merveille alikuwa na gari lake, na mtu anayekaribia kustaafu hapewi mgeni mwingine. Siku moja adhuhuri nilipita chini ya majengo ya Ladywood nikaliona gari lake limeegeshwa, redio inasema, mwenyewe amepakata mkebe wa chakula ambao hajaufungua. Aliniona. Nikaongeza mwendo, kazi ilikuwa inaningoja Newtown.

Hasira ile ilikuja kunitoka ndani ya kazi yenyewe. Nimekuwa na gari langu zaidi ya miaka kumi sasa. Lilipokuwa jipya nilifurahi kama mwezi mmoja hivi. Baada ya hapo unapanda ngazi peke yako, unakaa kwenye chumba cha mashine juu ya paa peke yako, na mota inavuma kiasi kwamba hata ukijisemesha hujisikii. Kuna siku narudi Lozells jioni nagundua kwamba sauti yangu nimeitumia mara moja tu, kumwambia msichana wa ofisini kwamba nimefika. Ukiwatoa watu waliokwama, hawataki mazungumzo, wanataka kwenda nyumbani. Mwezi Februari nilikuwa ndani ya gari, mvua inanyesha, nikajaribu kukumbuka ni lini niliipenda kazi hii. Siku zote nilizozikumbuka zilikuwa za wakati wa tochi, na nyingi ni za ile miaka miwili ambayo sikuwa na haja ya kuwapo.

Kwa hiyo katika ule ubishi, Gurmeet ana haki. Mtu aliye tayari apewe kazi yake, asizuiwe benchi kwa sababu ya shida ya mwingine. Mzee mwenyewe amekiri, na alikiri mbele za watu, jambo ambalo wengi wetu tusingelithubutu. Lakini Gurmeet naye ajue kwamba akimkabidhi mtu gari anamkabidhi na upweke wake humo ndani. Hillow, Merveille na mimi tumemwomba mafundi wawe wawili wawili walau siku moja kila wiki. Amesema atafikiria, na anavyompenda baba yake, ambaye naye aliwahi kuwa fundi, tuna matumaini.

Bwana Hafidh, kampuni inakushukuru kwa miaka thelathini na moja, kwa lifti zote ulizozitukana zikapona, na kwa mafundi uliowafundisha, ambao ni karibu sisi sote. Bwana Lakhbir anasema hajapata kujuta kukuajiri ila siku ya picha ya masharubu. Mimi nakushukuru kwa miaka mitatu. Mwaka wa kwanza ulinipa ufundi. Kwa ile miwili iliyofuata sina ninachokudai, Mzee, wala usiibebe tena. Kama ulikuwa ukiniweka ili usile peke yako, basi na mimi nilikuwa nakula na mtu.

Tunakutakia pumziko jema, afya isiyohitaji fundi, na nyumba ambayo mlango wake unagongwa. Ijumaa ijayo nina kazi Ladywood, hatua chache kutoka kwako. Usile kabla sijafika.