Uzito wa Kushoto

Muuguzi, akitoka zamu kwa basi, aliketi nyuma ya dereva wa gari la mashindano na fundi wake. "Ukikanyaga breki kwa nguvu, mkia unayumba," alisema fundi. "Nimepunguza breki za nyuma, kesho litatulia."

"Usijisumbue, bwana," alijibu dereva. "Marehemu kaka yangu alikuwa akikaa kushoto, akinielekeza kona. Bado yumo, ndiye analivuta."

"Acha ushirikina!" Kisha fundi akapunguza sauti. "Ila jana nililipima uzito, kiti chake kikiwa kimeng'olewa. Bado kushoto kumezidi kulia kwa kilo sabini."

Muuguzi, anayeamini mizani kuliko watu, alifunga kitabu chake.

"Basi kesho usishindane, utajiua," fundi alimwambia dereva.

"Nisipoendesha mimi, nani atamwendesha?"

Basi likasimama. Fundi alishuka; dereva akasubiri kidogo mlangoni, kama anayempisha mtu, ndipo akafuata.