Breki, Mlinzi wa Baiskeli ya Kagwe

Ndugu na majirani, mnaotabasamu kwa kuwa mbwa anasomewa wasifu, tabasamuni tu. Marehemu mwenyewe hakuwa na makuu. Mimi ni Zacharia, mdogo wake Kagwe, mwenye mbwa. Shemeji yangu Gathoni ameniomba niseme machache kabla hatujamfukia.

Breki alizaliwa Agosti 1944 katika ghala la kahawa la shamba moja hapa Ruiru. Kaka yangu alikuwa amekuja kutengeneza baiskeli ya mnyapara, akapewa mtoto wa mbwa badala ya asante. Alimtia ndani ya koti akaendesha naye mpaka Thika.

Masomo yake aliyapata sokoni Thika, kwenye kibanda cha Kagwe cha kutengeneza baiskeli. Alisoma somo moja tu akafaulu. Baiskeli ikiletwa, Breki alilala kwenye gurudumu lake, na haikuondoka mpaka Kagwe agonge kiti kwa spana na kusema, "Mwache aende." Siku moja mhubiri aliyekuwa akichelewa kufungisha ndoa alikuta Kagwe ametoka kunywa chai. Alimsihi Breki, akampa mkate, akamkemea kwa jina la Bwana, na mwishowe akaenda arusini kwa miguu. Mkate ulikuwa umeliwa.

Breki mwenyewe hakufunga ndoa, jambo ambalo jirani yetu Jeconia, mtu wa Nyanza aliyekuwa akifanya kazi kiwandani Thika, hajamsamehe mpaka leo. Mwaka 1949 mbwa jike wa Jeconia alizaa watoto wenye masikio ya Breki. Jeconia alikuja kudai mahari, mtoto mmoja mkononi kama ushahidi. Kagwe alimjazia baiskeli upepo, na tangu hapo wakawa wakwe.

Aprili 1954 Kagwe alichukuliwa katika msako wa serikali ya kikoloni, na hadi leo yuko kizuizini. Gathoni alihamishiwa kijiji hiki. Alikuja akiisukuma baiskeli ya mumewe, Breki akitembea kando. Aliiegemeza ukutani, na Breki akalala penye gurudumu kama alivyofundishwa. Hakuna aliyekuwa amegonga kiti.

Kuanzia Juni mwaka huu macho yake yaliingia ukungu, uvimbe ukakua tumboni, na miguu ya nyuma ikakataa kazi. Gathoni alimlisha uji kwa vidole na kumbeba nje kila asubuhi. Alipomwinua, Breki alilia, na sisi wa nyumba za jirani tulijifanya hatusikii. Lakini kwetu mnyama wa mume hauawi, hata kwa huruma, bila kauli ya mume, na hapo ndipo Gathoni aliposhikilia. Mlinzi wa kijiji alijitolea na bunduki yake. Gathoni alimjibu kwamba bunduki zimetosha.

Jumapili iliyopita Jeconia alikuja kutoka Thika kutusalimu, akachuchumaa karibu na mgonjwa.

"Mkwe," akasema, "huyu mzee hangoji tena. Ni wewe unamngojesha."

"Kagwe akirudi nitamwambia nini?"

"Utamwambia alichoka."

Gathoni alimpapasa Breki kichwani. "Huyu ndiye angejua hatua zake kabla yangu. Nikimwachilia, ni kama nimekubali Kagwe harudi."

"Kagwe atarudi na atakuta baiskeli yake. Lakini hii kulia kila asubuhi, nani ataulizwa?"

Gathoni alijifuta macho kwa leso, akamwambia aende amtafute Boaz, mganga wa mifugo. Jeconia ndiye aliyeweza kwenda bila kuomba ruhusa ya kutoka kijijini, maana yeye, mtu wa Nyanza, amri hiyo haikumhusu.

Boaz alifika jana mchana, Jumamosi tarehe 9 Novemba 1957. Breki hakuwa anaona chochote, lakini Boaz alipoisogelea baiskeli, alinguruma. Boaz akarudi nyuma na sindano yake. Gathoni aliingia ndani akatoka na spana ya Kagwe. Aligonga kiti, akasema,

"Mwache aende."

Masikio ya Breki yalisimama. Kisha akaondoa kichwa chake kwenye gurudumu, akakilaza juu ya miguu ya Gathoni. Gathoni aliketi pale pale, Boaz akafanya kazi yake taratibu, na Gathoni hakuinuka mpaka jua lilipoingia.

Marehemu ameacha binti mmoja, Kengele, yule mtoto wa ushahidi, aliyekuja leo na Jeconia na ambaye mnamwona akichimba mahali pasipotakiwa. Amemwacha Gathoni, na mimi. Amemwacha pia Kagwe, bwana wake, ambaye bado hajaambiwa. Asubuhi hii, kabla ninyi hamjafika, Gathoni aliipangusa ile baiskeli na kuyajaza magurudumu yote mawili upepo.

Lala salama, Breki. Zamu yako umeimaliza. Kungoja umetuachia sisi.