Kumuaga Mzee Jiwe wa Boma la Bondeni

Mheshimiwa Mkurugenzi wa kituo chetu cha redio. Bibi Mtunzi, uliyetutoa machozi kila Jumapili bila kutuonea huruma. Waigizaji na mafundi mitambo. Ndugu wageni waalikwa. Wasikilizaji wenzangu wa benchi la kulia na wa benchi la kushoto. Na wewe mstaafu wetu, Mzee Jiwe, ambaye leo kwa mara ya kwanza nakuona umefunga tai: wakubwa shikamooni, na wengine hamjambo.

Mimi ni kinyozi. Nimezoea mtu akae, mimi nisimame nikimsemesha, naye hawezi kuondoka mpaka nimalize, kwa hiyo kuhutubia si kazi ngeni sana kwangu. Nimeombwa niseme kwa niaba ya wasikilizaji wa mchezo wa Boma la Bondeni kwa sababu kikundi chetu hukutana kibandani kwangu. Nilikuwa nimeandaa maneno matamu ya kumsifu mzee wetu. Lakini, ndugu zangu, kwa haya tuliyoyajua mwezi huu, nikisema matamu peke yake nitakuwa mnafiki. Mpaka leo sijakaa sawa. Nakata nywele za watu huku nikitikisa kichwa, na wateja wameanza kuogopa.

Kwa wageni wasioujua mchezo wetu, Boma la Bondeni ni habari za familia moja ya wakulima. Kuna Baba, mkali. Kuna Mama, mpatanishi. Na kuna mtoto wao wa kwanza, Kifungua Mimba, anayedai kipande cha shamba alime na mkewe, na Baba hataki. "Nikifa utalima mpaka kaburi langu," humwambia. Mzee huyu aliyekaa hapa ndiye Baba, na kwa sauti yake ile tulimpa jina la Mzee Jiwe. Kijana yule wa mstari wa pili, anayejifanya kutafuta kitu mfukoni, ndiye Kifungua Mimba, naye ni mwanawe wa kumzaa. Baba na mwana wa redioni ni baba na mwana wa damu. Hilo tulilijua wote, na tulilipenda.

Mzee wangu, uliigiza mpaka ukatutia wazimu. Ulipokohoa hewani, kina mama wawili walipeleka tangawizi kituoni. Ulipouza yule ng'ombe mwekundu, muuza nyama wetu aligoma kukuhudumia siku mbili. Nani mwingine katika nchi hii amenyimwa nyama kwa sababu ya ng'ombe ambaye hajawahi kuzaliwa?

Miaka minane iliyopita, Baba na Kifungua Mimba wakaacha kusemezana. Baba akiingia, mwana yuko zizini. Mwana akiingia, Baba amelala. Kila neno likawa linapita kwa Mama. "Mwambie mwanao ng'ombe hawajanyweshwa." "Mama, mwambie mzee nimewanywesha tangu asubuhi." Mama wa watu akageuka posta.

Basi kibandani hapakulalika. Benchi la kulia wakakaa watetezi wa Baba, la kushoto watetezi wa mwana, na mke wa muuza nyama akahama benchi akamwacha mumewe. Muuza nyama akasema, "Mtoto ana kiburi huyo. Mkubwa hafuati mdogo, mdogo ndiye humfuata mkubwa." Nesi, mwenzetu wa kikundi, akasema, "Baba ana wivu. Mkewe anamsikiliza mtoto kuliko anavyomsikiliza yeye." Na mwanzilishi wetu, mpishi mstaafu wa shule, tunayemwita Shangazi Redio kwa kuwa hajawahi kuonekana bila redio kwapani, alikuwa akisimama kabisa. "Kijana wa watu kaonewa! Baba gani huyo? Hana moyo, ana kokoto!" Siku moja ubishi ulipamba moto hivi kwamba mteja alitoka kwangu amenyolewa upande mmoja, wala yeye mwenyewe hakugundua. Na wote, kulia na kushoto, tulimsifu Bibi Mtunzi: ona anavyotuonyesha kiburi kinavyojenga ukuta ndani ya nyumba!

Kisha ikatangazwa kwamba Mzee Jiwe anastaafu, na kwa hiyo Baba atakufa. Lo! Afe bila kusema na mwanawe? Azikwe na kinyongo chake? Tukatuma ujumbe wa watu watatu kwenda kumsihi Bibi Mtunzi awapatanishe kwanza: mimi, Nesi na Shangazi Redio.

Tulipokelewa vizuri, tukaingizwa studio. Chumba kidogo, kuta zimefunikwa sponji kama za godoro. Katikati kuna mlango uliosimama peke yake, hauna nyumba. Chini kuna boksi la kokoto, na hiyo ndiyo njia ya kwenda shambani tuliyoitembea na Baba miaka yote. Nesi akacheka mpaka akajishika kiuno. Tukatoa ombi letu. Bibi Mtunzi akatutazama, akavua miwani.

"Tukio hilo nimeliandika mara nne," akasema. "Hawataki kulirekodi. Hawa watu hawajasemezana tangu harusi ya huyu kijana. Mmoja anarekodi Jumanne, mwingine Alhamisi, fundi anawaunganisha. Mnadhani napenda mwana ashinde zizini? Hata ng'ombe wamemchoka."

Ndugu zangu! Kitu tulichokuwa tukikipigia makofi, tukakiita usanii, kumbe ni msiba wa nyumba ya mtu!

Mara mzee mwenyewe akaingia, maana ilikuwa Jumanne. Shangazi Redio hamwogopi mtu. Akamvaa papo hapo: "Baba, mwanao alikukosea nini?"

Mzee akajibu, na haikuwa sauti ya Mzee Jiwe. Ilikuwa sauti ndogo, ya mtu tu. "Alinifukuza harusini kwake. Nimemlea peke yangu tangu mama yake alipofariki. Nikaazima suti, nikaenda. Mlangoni nikamkuta mama mmoja, kanyoosha mkono. 'Rudi huko huko! Umnyime shamba, halafu uje ule harusini kwake?' Na watu nyuma yake wakapiga makofi. Nikajua ametumwa. Nikarudi nyumbani."

Shangazi Redio akakaa chini. Alikaa juu ya lile boksi la kokoto, nalo likalia kama linavyolia Baba anapokwenda shambani.

"Mama huyo ni mimi," akasema.

Harusi ile ilitangazwa redioni, mkumbuke, na wasikilizaji wakafurika wenyewe, hata ambao hawakualikwa. Shangazi akajipa kazi ya kusimama mlangoni. "Sikutumwa na mtu," akasema. "Niliona haki inaliwa, nikaitetea."

"Shamba gani hilo, mama?" mzee akamuuliza.

"Lile ... lile la redioni."

Nataka mnielewe. Hakuna shamba! Hakuna boma, hakuna bonde, hakuna ng'ombe mwekundu. Kulikuwa na baba mmoja katika suti ya kuazima, naye tulimrudisha mlangoni kwa kosa aliloandikiwa kwenye karatasi.

Na Shangazi alikuwa hajamaliza. Alisema huku akilia, "Mwanao hakujua, baba. Alikuwa anachungulia dirishani. Alikataa kula, akasema mpaka baba afike. Mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia: kula mwanangu, baba yako hana moyo."

Mwana akaamini baba amemsusa. Baba akaamini mwana amemfukuza. Mmoja hakuuliza kwa uchungu, mwingine hakuuliza kwa aibu, na sisi Jumapili hadi Jumapili tukakaa kibandani kujadili nani ameivunja nyumba ile. Nani ameivunja? Aliyeivunja alikuwa amekaa nasi benchini, amepakata redio!

Lakini simleti Shangazi hapa kumsulubu. Siku ile ile alikwenda kwa kijana, akapiga magoti, akasema yote. Yuko hapa, na ameomba niyaseme haya hadharani. Tena makofi ya mlangoni hayakupigwa na mtu mmoja. Yalipigwa na wengi, na baadhi yenu nawaona sasa hivi mnaangalia viatu vyenu.

Jumapili iliyopita mlisikia wenyewe. Bibi Mtunzi alikuwa amewaandikia ukurasa mzima wa kupatana, maneno mazito, yenye methali. Wakasimama kwenye kipaza sauti kimoja. Hewani tukasikia kimya. Kimya kikaendelea. Muuza nyama akaipiga redio kofi, akidhani betri zimekufa. Ndipo tukamsikia Baba: "Umekula?"

Na mwana: "Bado, baba. Nilikuwa nakusubiri."

Basi. Ukurasa hawakuusoma. Kulia walilia, kushoto walilia, na muuza nyama akatoka nje, akasema moshi umemwingia machoni. Moshi upi, kibandani kwa kinyozi? Bibi Mtunzi naye akachana kurasa za kifo. Baba wa Boma la Bondeni hakufa. Tunakushukuru, mama.

Sasa namalizia, kwa jambo nililoliona leo asubuhi nje ya ukumbi huu. Kijana amekuja na binti yake wa miaka sita. Mtoto huyu alikuwa hajawahi kumwona babu yake. Amekuwa akimsikia redioni tu, kama sisi, na kama sisi alimchukia. Alimsogelea akamuuliza, bila salamu: "Wewe ndiye babu unayemnyima baba shamba?"

Mzee akachuchumaa. "Shamba sina, mjukuu wangu. Nina chumba kimoja cha kupanga, na jiko langu liko mlangoni."

Mtoto akafikiri. "Basi njoo ukae kwetu."

Baba yake akageuka upande, asionekane uso. Mzee akasema, "Sherehe ikiisha nitakujibu."

Mzee wetu, tumekuandalia zawadi, utakabidhiwa. Tunakushukuru kwa sauti yako na kwa uvumilivu wako kwetu, ambao hatukuustahili. Juu ya nyumba yako tumetoa maoni miaka minane, kulia na kushoto, na leo hatuna maoni hata moja. Ila mtoto amekaa pale mbele, soda yake hajaigusa, na anakutazama wewe. Sherehe imekwisha, babu. Mjibu.

Nawashukuruni nyote kwa masikio yenu. Mimi nakaa chini.