Natumaini Hamjambo

Basi la kutoka Apia lilijaa, kwa hiyo binti mmoja alikaa mapajani mwa mama asiyemjua, kama ilivyo ada yetu hapa visiwani. Alikuwa akiandika baruapepe kwa Kiingereza, na simu ilikuwa mbele ya macho ya huyo mama. Simu ya jirani husomwa na wote. Hata mimi nilinyoosha shingo.

"'Natumaini hamjambo,'" mama akasoma. "Kina nani hao?"

"Wenye shamba kule Australia, alikofia kaka yangu Pesamino. Tunaomba mwili wake."

"Afe yeye, halafu uwajulie hali wao? We binti!"

"Barua za ofisi ndivyo zinavyoanza, mama. Shuleni tulikaririshwa."

"Na wao wanajibuje?"

"Vizuri mno. 'Tunasikitika kwa dhati. Tunaithamini familia yako. Tutawasiliana nawe mapema iwezekanavyo.' Kila mara hayohayo."

"Basi watukane!"

"Nikiwatukana hawatajibu kabisa."



"Mama yako unamwambia nini?"

Binti akajifuta macho. "Nilimfasiria yote. Si unajua, kwetu mtu hatamki maneno mazito hivyo akaja mikono mitupu. Basi ametandika mikeka ya heshima, ya kupokelea wageni wa msiba. Anasema watu wenye kauli kama hiyo wako njiani na mwanawe."

Akamalizia barua kwa "Asanteni kwa msaada wenu," akaituma, akavuta kamba ya kengele.

Basi likasimama mbele ya nyumba iliyofagiliwa, wazi pande zote. Mama mzee aliyeketi kando ya mikeka akainuka haraka, aone nani anashuka.